Mafuvu Tisa kwenye Sinia

Jumanne. Mawingu yametanda tangu asubuhi na mvua haishuki. Dera limenigandia mgongoni. Sijala.

Kosa ni langu.

Dada yangu Salma amejifungua. Yumo ndani, arobaini yake haijatimia. Na darini kwetu, hapa Kibokoni, bundi mwenye uso mweupe ana vifaranga. Shangazi Zuhura alitaka afukuzwe, maana wanasema bundi huwalilia watoto wachanga. Mimi niliyesomea wanyama chuoni nikaona hapa ndipo pangu pa kusema.

Bundi humeza windo lake zima, kisha hutapika kidonge cha manyoya na mifupa. Jumamosi nilipanda darini nikaviokota vidonge vyake, nikavipasua mbele ya wanawake waliokuja kumwona mzazi, nikapanga mafuvu kwenye sinia. Saba ya panya, mawili ya virukanjia, wale wadogo wenye pua ndefu na harufu kali.

"Huyu hali watoto, hula panya," nikasema. "Anawalinda."

Shangazi hakumjali bundi tena. Macho yake yalikuwa kwenye sinia.

"Panya saba, na mtoto mchanga amelala humu? Ahsante mwanangu, umetufungua macho."

"Na sinia hilo msije mkanipakulia pilau," akadakia Bi Mwanaisha, jirani yetu. Wote wakacheka. Hata mimi.

Jumapili Shangazi alinunua sumu ya panya sokoni Marikiti, akaiweka mahali patatu: stoo, jikoni na chini ya ngazi. Nilimwona. Nilijua kwamba panya aliyekula sumu ile hafi papo hapo. Hukaa siku kadhaa akiyumba, na panya anayeyumba ndiye rahisi kukamatwa. Anayemla hula na sumu yake.

Nikanyamaza siku mbili.

Ukweli ni kwamba nami naogopa. Nimesoma miaka minne, na bado mtoto akikohoa natazama dari. Nilijiambia: bundi akifa bila mkono wangu, lolote likimpata mtoto, hakuna atakayesema mimi ndiye niliyemtetea bundi.

Leo asubuhi nilimwambia Shangazi yote. Nilitarajia anigombeze. Akasema tu, "Ungesema Jumapili, mama," akavaa buibui akaenda kutafuta mitego.

Afadhali angenigombeza.

Nikaenda kuizoa sumu. Ya stoo ilikuwa haijaguswa. Ya jikoni pia. Chini ya ngazi hapakuwa na hata chembe.

Mchana kutwa nimemtafuta panya aliyeila, nyuma ya magunia, chini ya makabati, ndani ya viatu. Hayupo. Sasa magharibi inaingia, na vifaranga wameanza kukoroma darini kama kila jioni, wanadai chakula. Mama yao atawaletea atakachokipata.

Kukipambazuka nitapanda na tochi nikawahesabu. Jumamosi walikuwa wanne.