Alama kwenye Sindano ya Kabureta

Jumatatu, 5 Juni 1995
Harufu ya petroli uani tangu asubuhi. Nimetandika gazeti chini ya injini ya Pijo. Baada ya saa moja lina duara la unyevu, upana wa kikombe. Nikapaka vumbi la chaki kabureta nzima nione panapolowa kwanza. Ni pale mfuniko unapokutana na chemba ya mafuta. Basi ni gasketi, ile karatasi ya kuziba pale kati.

Mke wangu Dorotea kahamishia jiko lake la mkaa upande wa choo na kuninunia. Anasema gari la mwaka sitini na nane liachwe lipumzike. Hajui asemalo. Miaka ishirini na mbili ya stoo, kiwanda kikatupunguza na kuuza magari yake, nami nikatoka na mgongo mbovu na hili gari.

Gasketi ataibadilisha Antoni, fundi wangu tangu binti yangu Queen yuko tumboni. Lakini wiki iliyopita nilimwona mjini, dukani kwa Jitesh wa spea, wananong'ona. Na juu ya kaunta kabureta mbili za Pijo, orijino, za Ufaransa. Jitesh anazitoa wapi? Siku hizi maduka yamejaa vitu vya Taiwani. Orijino inatafutwa kwa tochi.

Jumanne, 6 Juni
Nimefungua mfuniko mwenyewe kabla ya kupeleka gari. Sindano ni ile ile ya zamani — kipande kidogo tu, ndicho kinachoziba njia ya petroli chemba ikijaa. Mtu anaweza kukitia mfukoni ukiwa umesimama mbele yake.

Nikaazima rangi ya kucha ya Queen, nyekundu. Tone moja, karibu na ncha. Stoo kila kitu kilikuwa na alama yangu, hata mafagio, na hakikupotea kitu. Queen kaniuliza kama najipamba kwa ajili ya mtu. Nikamrudishia kichupa chake. Gari nimelipeleka Buzuruga, gereji kwa Antoni.

Alhamisi, 8 Juni
Antoni kaleta gari. Gasketi mpya. Chai kakataa, ana haraka. Haraka ya nini?

Ijumaa, 9 Juni
Inavuja kuliko mwanzo! Gazeti zima limelowa. Na safari hii petroli inapandia juu, kwenye kitundu cha mfuniko. Maana yake chemba inajaa kupita kiasi. Nikachomoa boya, linaloelea chembani na kuisukuma sindano, nikalitikisa sikioni — kavu, halijatoboka. Basi ni sindano, haizibi.

Nikaichomoa. Haina alama. Nimeigeuza juani, nimevaa miwani, nimevua miwani. Hakuna wekundu hata chembe.

Kanibadilishia. Huyu huyu aliyebeba jeneza la mama yangu. Sikudhani ningeumia hivi kwa kipande kisichozidi punje ya mahindi.

Jumapili, 11 Juni
Kamati ya mali ya parokia, baada ya misa, Padre akiwepo. Land Rover ya Padre anaitengeneza Antoni, huu mwaka wa kumi na moja. Ndiyo kazi inayomlisha; sisi wengine tunampa leo, kesho hatupo.

Sikupanga kusema. Ilipofikia habari ya gari nikajikuta nasema: nina ushahidi kwamba anachomoa vipuri vya watu na kupachika vya bandia. Mama Getruda akauliza kama nimemuuliza mwenyewe. Nikamwambia stoo hatuulizi, tunaangalia alama.

Wamemsimamisha. Jumapili ijayo wanaamua moja kwa moja. Jina langu halitatajwa. Nimetoka mle nikiwa mwepesi. Hapana, si mwepesi. Nimetoka tu.

Jumatano, 14 Juni
Dorotea kasikia sokoni kwamba Antoni kasimamishwa, na hajui nani kasema. Kanisimulia huku ananitazama usoni. Kwa nini anitazame mimi?

Ijumaa, 16 Juni
Antoni yupo uani sasa hivi. Dorotea ndiye aliyemwita, bila kuniambia, eti harufu imemchosha. Nimetoka chumbani nikamkuta keshafungua kabureta.

Kanisalimia kama kawaida. Amekonda. Akasema bila kuinua kichwa, "Bwana Stoo, wewe uko kwenye kamati. Kuna mtu kanichongea, simjui. Jumapili nisemee. Wewe watakusikiliza."

Nikasema tutaona.

Akaishika sindano. "Hii nzima. Ile ile orijino yako. Kwa nini isizibe?"

Nikamuuliza ile ile ipi. Akanionyesha mkwaruzo mdogo ubavuni. Ni wa jiwe aliloisugulia mwaka themanini na tatu, gari lingali la kiwanda, tulipokwama Buhongwa mvua inanyesha, yeye anafanya kazi na mimi nimemshikia mwavuli. Nakumbuka. Mkwaruzo upo. Nilikuwa natafuta nyekundu, sikuuangalia.

Akavunja kijiti cha ufagio, akachokonoa nacho ndani ya tundu ambamo sindano inakaa, akapuliza. Kikadondoka kigamba kiganjani mwake. Kidogo, laini, chekundu.

"Kumbe hiki ndicho kilichokaa njiani. Rangi. Petroli imeibandua. Imetoka wapi rangi humu?"

Nikasema ngoja nikachukue miwani nione vizuri.

Nimefunga mlango wa chumba. Naandika. Ni mimi. Alama yangu ilibanduka ikazuia sindano — na mimi nikamwita mwizi mbele ya Padre.

Dirisha liko wazi. Queen kampelekea chai. Antoni kamwomba alete mkono wake karibu, aone kucha. Queen anacheka. Anasema hiyo rangi ni yake, baba aliiazima wiki iliyopita na hakusema ya nini.

Sasa hakuna anayecheka. Nasikia spana zinarudishwa kwenye boksi, moja moja, taratibu. Dorotea ananiita. Anauliza miwani nimeiona au bado.

Miwani ninayo usoni.