Saa ya Sifael Juu ya Kitanda

Jumatatu, 7 Julai 2025

Nimefumbua macho alfajiri — giza tupu! Namba za saa hazikuwepo juu. Miaka tisa naamka nikisoma namba zile nyekundu ambazo saa yetu ya mezani inazimulika juu ya kitanda. Alipoinunua saa, nyumba haikuwa na dari, mume wangu Sifael akapigilia ubao mmoja juu ya kitanda, akaupaka rangi nyeupe, kwa ajili ya namba tu! Akazipanga kwa saa za Kiswahili. Kila asubuhi alizisoma kwa sauti. "Kumi na moja na nusu, mama Rachel. Baridi hii, lala kidogo." Nimepangusa kioo cha saa kwa kitambaa cha miwani, kama alivyonifundisha marehemu. Wapi.

Jumatano, 9 Julai

Kijenge, kwa fundi Shamsudin. Saa yenyewe haina shida, adapta yake ya kuchomeka umeme ndiyo imekufa. Amejaribu tatu, pini haziingii. Anasema nitafute mwenye saa kama hii.

Namjua! Shemeji Gerson, kaka yake Sifael. Ndugu wawili walinunua mbili siku moja kule Namanga, wakarudi wanacheka kama watoto. Lakini hatusemezani tangu mazishi. Alitaka mdogo wake alale mlimani Poli, karibu na baba yao. Mimi nikamzika hapa Moshono, kama alivyoniomba mwenyewe. Miaka miwili sasa.

Ijumaa, 11 Julai

Sijampigia Gerson.

Jumapili, 13 Julai

Baada ya ibada nimepiga. Nimeeleza habari ya adapta tu, haraka haraka. Akauliza: bado unaiwasha? Kila siku, nikamwambia. Simu ikakatika. Au alikata.

Jumanne, 15 Julai

Saa nane mchana mbwa kabweka. Gerson, getini! Amekonda. Mkungu wa ndizi begani, adapta ndani ya leso. Shikamoo shemeji. Marahaba. Basi. Akaenda moja kwa moja nyuma ya nyumba, kaburini. Akasimama sana. Mimi dirishani, sufuria mkononi.

Tumechomeka sebuleni, pazia nimefunga. Namba zikatokea ukutani, zinawaka na kuzimika! Akaanza kuzipanga, anaangalia simu yake. Nikamwambia Sifael alipenda itangulie dakika kumi.

"Najua. Tangu utoto aliogopa kuchelewa kanisani."

Tukacheka wote wawili. Akasema adapta nibaki nayo, saa yake hajaiwasha tangu mdogo wake aondoke. Kisha sauti yake ikashuka.

"Alikuambia mwenyewe? Kwamba alale hapa?"

Mwenyewe, shemeji. Hospitalini, ameshika mkono wangu.

Akatazama ukutani: nane na arobaini na saba. Nikauliza nifungue pazia? Akasema bado.

Nimekuja jikoni kubandika chai, naandika nimesimama. Sijui nikirudi tutasema nini. Kupitia mlangoni naona amevua koti, haondoki bado.