Mimba Niliyoiona Mimi Peke Yangu

Ooko,

Katika nyumba hii hakuna kitu kinaweza kunipita. Ila mke wako ametapika siku nne mbele yangu, na mimi nikawa nafuma kofia ya mtoto. Nilidhani Edinah ana mimba.

Maharagwe yako kwa jiko, yasiungue. Mtoto wenu Travis anatoka shule saa saba, umchukue.

Asubuhi hii nimempata Edinah chini bafuni, midomo imekauka, hata jina langu analitafuta. Tangu jana hajakojoa. Jirani anawasha gari, tunampeleka hospitali Nakuru. Ameniambia akilia kwamba anajidunga sindano ya kupunguza mwili. Inafanya chakula kikwame tumboni. Na mimi kila jioni nilimjazia ugali wa watu wawili, naye anamaliza kwa heshima, halafu anaenda kutapika. Mkono wangu uko ndani ya hii shida, sikatai.

Leta kitambulisho chake na leso mbili. Chakula usilete. ~~Wewe mwenyewe usije, utanipandisha presha.~~ Njoo haraka.

Jana uliniapia kwa Mungu kwamba hujui anaumwa nini. Sasa nimefungua friji nichukue hiyo sindano daktari aione. Iko nyuma ya maziwa, imefungwa na karatasi imeandikwa: "Edinah, ongeza kipimo, bado uko mnene. Mama asijue."

Huo mwandiko naujua, Ooko. Ni mimi nilikushika mkono ukijifunza kuandika.

Mama