Niliapa kwa Talaka Juu ya Chaji ya Simu

Mpendwa Bi Sikudhani,

Naomba msaada wako, na kabla hujanisaidia nakuruhusu ucheke kwanza, maana hapa Kibiti wameshacheka wote mpaka muuza kahawa, nimebaki mimi tu.

Mimi nauza mitumba, nina mke na watoto wawili, umri wangu unatosha kabisa kuwa na akili, na kijiweni kwetu wananiita Waziri wa Simu, jina ambalo nililikataa kwa mdomo huku moyoni nikilipenda sana, kwa sababu ni mimi ninayepokea magazeti kwenye mabasi yanayokwenda kusini na kuwasomea wenzangu habari za simu, ipi imetoka Ulaya, ipi ina rangi, ipi inapiga picha, na hata andazi likifungwa kwenye kipande cha gazeti chenye tangazo la simu, andazi nampa mtu na karatasi nabaki nayo. Simu yangu ni Nokia, ile ya tochi, kabla yake nilikuwa na Nokia, na nikijaliwa nyingine itakuwa Nokia, ingawa kiwanda chenyewe hakijui kama nipo duniani.

Sasa shemeji yangu Badru, kaka wa mke wangu Mwanabaraka, yeye ni mtu wa simu za Siemens. Tumebishana msimu wa korosho na msimu wa machungwa, tumebishana msibani tukanyamazishwa, na watu walikuwa wanatoka mitaa mingine kuja kutusikiliza. Ijumaa moja baada ya swala akasema chaji ya simu yake inakaa kuliko ya kwangu, tukakubaliana tuzipeleke zote mbili kwa Miraji anayechaji kwa jenereta, zijae, zisipige wala zisipigiwe, na ambaye simu yake itazima kwanza anyamaze kijiweni mpaka Ramadhani. Hapo ndipo ningeishia kama ningekuwa na kichwa, lakini watu walikuwa wengi, wengine wakaanza kumwelekea Badru, nami nikapandisha sauti nikasema, "Wallahi simu yangu ikizima kabla ya hiyo yako, dada yako ana talaka."

Muuza kahawa aliacha kugonga vikombe. Badru akanitazama, akasema taratibu, "Shemeji, lifute hilo neno." Sikulifuta, nikajua ameogopa kushindwa.

Simu zikajaa, kila mtu akachukua yake. Ningeiacha yangu kabatini ikalala, leo ningekuwa na mke. Lakini kesho yake ilikuwa siku yangu ya kupeleka mitumba Nyamisati, na mtu anayeitwa Waziri hawezi kushuka bandarini kiuno kitupu, kwa hiyo nikaivaa kwenye mfuko wake wa ngozi nikaondoka nayo. Na Nyamisati, Bi Sikudhani, mtandao haukuwepo. Simu isiyo na mtandao haitulii, inautafuta kutwa nzima, na kutafuta huko ndiko kunakomaliza chaji, na aliyewafundisha watu wa Kibiti jambo hilo ni mimi mwenyewe, nikiwa nimesimama juu ya benchi. Tena wauza boriti za mikoko wa pale bandarini waliomba kuiona tochi, nikawawashia, mchana wa jua kali, mmoja baada ya mwingine mpaka wote wakaridhika.

Ilizima nikiwa kwenye gari narudi, hata Bungu hatujafika. Niliposhuka nilikwenda moja kwa moja kwa Miraji, nikamwomba aichaji upesi na asimwambie mtu. Miraji akaishika, akaigeuza, akasema, "Simu nakuchajia, kaka. Hilo lingine sina chaja yake."

Nyumbani nikamkuta Badru ameshafika, simu mkononi inawaka, naye hacheki. Akaniuliza yangu iko wapi, ikabidi niseme imezima. Akaanza kunieleza eti kutwa nzima ameibonyeza, ameichezea michezo, ameiachia milio mpaka watoto wakaziba masikio, na bado haikuzima, yaani hata saa ile hakuacha kuisifia Siemens yake. Mwanabaraka alisikia yote. Hakupiga kelele. Alikunja nguo zake na za watoto, akaniambia, "Ungeapa kwa baiskeli ningekuelewa, baiskeli inatubeba. Hiyo simu hata sikioni hujawahi kuniwekea." Akamfuata kaka yake.

Tangu hapo kila asubuhi na jioni napanda kichuguu kilicho nyuma ya nyumba yangu, ndipo mtandao unaposhika vizuri, nambipu Badru ili apige. Vocha ninayo, nisikudanganye, lakini nikipiga mimi itakuwa Nokia imeipigia Siemens magoti. Hajapiga. Kutoka kichuguuni naliona bati la nyumba yake, na juzi nilimwona Mwanabaraka uani anaanika nguo, akainua kichwa akaniona nimesimama kule juu na simu sikioni, akaendelea kuanika. Roho iliniuma nikashindwa hata kushuka. Nyumba yangu imekuwa kimya, chai najipikia, na inakuwa chungu ijapokuwa sukari natia.

Kwa sheikh sijaenda kwa aibu, tena yeye mwenyewe ana Siemens, nachelea atapendelea. Nakuuliza wewe uliye mbali na usiye na upande: je, kiapo kinahesabika wakati simu ilikuwa ugenini na haina mtandao? Na nitampataje mke wangu bila Badru kujigamba? Pia, kama nafasi ipo, gazeti lenu liandike namna simu inavyokula chaji ikiwa inatafuta mtandao, nikawasomee watu kijiweni wajue kwamba Nokia haikushindwa kihalali.

Waziri wa Simu,
Kibiti


Waziri,

Nimecheka kwa kuwa uliniruhusu. Nilicheka mpaka pale mkeo alipoendelea kuanika nguo, hapo nikaacha, nikairudia barua yako tangu mwanzo.

Nianze na hilo la gazeti ili tulimalize. Hatutaandika. Wewe unajua namna simu inavyokula chaji, ulijua kabla hujapanda gari la Nyamisati, na bado uliivaa kiunoni ukaenda kuwaangazia watu saa ya jua kali. Aliyeshindwa hapo si kiwanda chochote. Na nikikuandikia ukurasa mzima, utausoma kijiweni, watu watakupigia makofi, kisha utarudi nyumbani kujipikia chai.

Kuhusu kiapo, mimi ni mjibu barua gazetini na sitoi hukumu ya ndoa za watu. Nenda kwa sheikh leo hii. Mweleze neno kwa neno ulilosema, lilivyokutoka, mbele ya nani, na ulipoambiwa ulifute ulifanya nini. Mambo ya mtandao wa Nyamisati usimwanzie nayo, akiyataka atauliza. Kama ana Siemens mwache awe nayo, dini hakuisomea kwenye simu. Akikwambia talaka haikupita, shukuru Mungu na utetemeke kidogo. Akikwambia imepita, muulize habari ya rejea, yaani kumrudisha mkeo bila ndoa mpya, na umuulize upesi, kwa sababu eda ya mkeo inakwenda, nayo haimsubiri mtu amalize kupanda na kushuka kichuguu.

Sasa nikueleze kitu ulichokiandika kwa mkono wako mwenyewe na hukukiona. Badru alikuomba ulifute lile neno, ukadhani ameogopa kushindwa. Kisha akakwambia kutwa nzima aliibonyeza simu yake, akaichezea, akaiachia milio mpaka watoto wakaziba masikio, ukadhani anaisifia. Ewe mwanaume, yule alikuwa anaimaliza chaji kusudi. Mtu wa Siemens, anayebishana msimu wa korosho na msimu wa machungwa, alikaa kutwa nzima akitafuta kushindwa na wewe mbele ya Kibiti nzima ili dada yake abaki nyumbani kwako. Alikuja kwako na simu inayowaka kama mtu aliyeleta habari ya msiba, na wewe ukasikia tangazo la biashara. Katika mabishano yenu yote sidhani kama umewahi kumsikiliza, ulikuwa unasubiri anyamaze useme wewe.

Kwa hiyo ukitoka kwa sheikh, simu ipeleke kwa Miraji na uiache huko, hata ikijaa usiifuate. Nenda kwa Badru. Mwombe radhi, halafu mfuatane mpaka kijiweni umwombe tena mbele ya wale wale waliosikia kiapo, useme kwa sauti ile ile uliyoapia kwamba Siemens imeshinda. Itakuuma, najua, na pengine utakosa usingizi. Jina la Waziri warudishie, watampata mwingine.

Kisha omba kuonana na Mwanabaraka. Barua yako ni ndefu, nimejua mfuko wa simu yako ni wa ngozi, nimejua tochi yake inawaka vizuri, lakini sijaona mahali ulipomuuliza mkeo neno lolote. Yeye alisema na wewe mara moja tu, na hakusema anaichukia simu wala hakukutukana. Alisema hujawahi kumwekea sikioni. Keti umuulize maana yake, na akianza kueleza, usimkatize. Muulize kama anataka kurudi. Hata kama sheikh atakuonyesha njia ya kumrejea, muulize. Akisema bado, rudi kesho yake, na uende na sukari ya nyumba ile kwa sababu watoto wako wanakunywa chai pale.

Na shuka kichuguuni, kaka yangu. Yule mwanamke amekuona umesimama juu, una vocha mfukoni, unaibipu nyumba ambayo ungeita kwa mdomo angekusikia. Mke harejewi kwa kubipu.

Bi Sikudhani