Mjusi Mwenye Sikio Lililofichika

Sarawak, Malaysia

Kwa mamangu mpenzi, Mwabungo,

Shikamoo mama. Mimi mwanao ni mzima, alhamdulillahi, ila miguu imejaa alama za ruba. Nawe je, goti limepoa? Na Baba ameacha kukwea minazi kama alivyoahidi, au yalikuwa maneno ya simu tu?

Uliniuliza ni kazi gani hii ya kusomea mijusi, nasi hapo nyumbani mjusi akionekana ukutani hutafutwa kiatu. Basi nikusimulie.

Asubuhi moja baada ya mvua nilimdaka mjusi kwenye shina la mti msituni. Ni wa kijani, ana miba shingoni kama kitana. Wenzangu wakasema ni yule wa kawaida. Lakini wa kawaida sikio lake liko wazi, na huyu magamba yamelifunika kabisa.

"Huenda ni tofauti ya dume na jike," akasema mwalimu wangu, Bi Rohana, mwenyeji wa hapa.

Tukamchunguza chini ya mkia: dume. Na wale wa kawaida tuliokuwa nao ni madume vilevile. Bi Rohana akasema, "Basi itabidi tumuue, tumtie kwenye spiriti asioze. Bila mwili wa kuonyesha, hakuna atakayetuamini."

Nilijua anasema kweli. Lakini mama, yule mjusi alikuwa amenishika kidole, koo likipanda na kushuka. Nikaomba siku tatu nitafute kwanza katika chupa za mijusi wa zamani waliohifadhiwa stoo ya chuo.

"Tatu tu," akasema.

Nilifungua chupa hata vidole vikachubuka. Siku ya tatu, baada ya adhuhuri, nikapata chupa yenye mijusi sita, wote wameandikwa jina la yule wa kawaida. Mmoja sikio halionekani. Nikahesabu magamba ya mgongo wake mara nne, yakalingana na ya wangu. Kwenye kikaratasi kilichofungwa mguuni mwake palikuwa na jina jingine, limekatwa kwa wino. Aliyemkusanya zamani alimtambua, akaja mwingine akadhani ni kosa.

Bi Rohana alimtazama kwa hadubini muda mrefu. "Si mpya," akasema. "Ana jina lake. Sisi ndio tuliomnyang'anya."

Sikufichi, moyo ulininywea, maana nilikwisha kumchagulia jina. Mwili wa kuonyesha sasa tulikuwa nao, ule wa chupani; basi yule wangu tukamkata ncha ndogo tu ya mkia ikapimwe maabara, nikamrudisha kwenye mti wake. Akazunguka upande wa pili wa shina. Nikamfuata, naye akazunguka tena.

Juzi majibu yalikuja: ni aina yake mbali. Sasa naandika makala ya kumrudishia jina, na siku nzima sijisikii kuchoka.

Nisalimie Baba, na dada Mwanaisha fundi wetu wa nguo. Mjomba wa Funzi mwambie nimemtuma: awatazame mijusi wa kwenye mikoko yake, aniambie masikio yao yakoje.

Mwanao akuombeaye afya,
Mwanakombo