Kwa Kaka Hamza, Kuhusu Mkanda Uliokatika Chini ya Soni

Kaka Hamza,

Shikamoo. Nakuamkia kwanza kwa sababu ndivyo tulivyolelewa, na hasira niliyo nayo haijanisahaulisha adabu. Barua hii naiweka humu kwenye kundi la ukoo, mbele ya shangazi, wajomba na watoto wao, kwa kuwa ni humu humu ulikotuma sauti yako ukisema: "Gari la marehemu limekufa kwa kukosa matunzo. Tulimwachia Zaina, akalifuga bandani kama kuku." Waliosikia hayo wasikie na haya.

Unakumbuka siku Baba alipolileta lile gari? Dogo, jekundu, viti viwili, limekaa chini mpaka Mama akauliza kama magurudumu yamezama. Mzungu aliyekuwa fundi mitambo wa kiwanda cha chai alikuwa anarudi kwao, akamuuzia. Watu wa Lushoto walimcheka: bwana kilimo mzima na gari la mashindano, barabara zenyewe hizi! Baba hakujali. Jumapili alikuwa akitubana mimi na wewe kwenye kiti kimoja, tunapanda mpaka Magamba, ukungu unaingia dirishani, mimi natetemeka. Ulivua sweta lako la shule ukanivika, ukakaa na shati tu hadi tukarudi. Kaka huyo ndiye ninayemtafuta ninapoandika barua hii.

Na unakumbuka Baba alipotuita bandani kutuonyesha mkanda aliokuwa ameutoa kwenye injini. Tulikuwa tumeketi juu ya ndoo, wewe kulia mimi kushoto. Akaukunja kwa nyuma, mpira ukafunguka nyufa ndogo ndogo kati ya meno ya mkanda, kama kisigino cha mtu wa shamba. Wewe ndiye uliyeuliza, kaka, si mimi: "Mbona umechakaa na gari halitembei?" Akasema, "Mpira unazeeka hata ukikaa." Akatueleza kwamba huo ndio mkanda wa taimingi, ndio unaoziamuru vali zifunguke na kufunga kwa zamu, na kwenye injini ile ukikatika, pistoni zinazigonga vali na kuzipinda. Akasema gari linalolala sana ni la kuogopewa zaidi: mkanda unakaa mkao mmoja miezi na miezi, oili inaudondokea, baridi ya huku inaukausha. Tusiangalie kilomita. Kila miaka minne, ikizidi sana mitano, unatolewa, uwe umetembea au haukutembea, na rola zinazouongoza zinabadilishwa pamoja nao. Uliitikia kwa kichwa. Nilikuona.

Baba alipofariki, kikao cha ukoo kilisema gari ni lako, mtoto wa kiume, mkubwa. Sikupinga. Wewe ukarudi Dodoma kazini, gari likabaki kwangu. Kila Ijumaa asubuhi nililifunua turubai, nikaliwasha, nikalizungusha hadi sokoni na kurudi, nikaangalia maji, oili na upepo wa matairi. Watu walizoea kuniita "Zaina wa gari jekundu". Nilifanya hivyo kwa mapenzi, sikukudai hata asante.

Lakini miaka ilipita, na mkanda ule ulikuwa bado ni ule ule aliouweka Baba kwa mkono wake, mwaka mmoja kabla hajaanza kuumwa. Ulipopita mwaka wa tano nilikupigia simu. Ukasema tutaona. Mwaka wa saba nilimleta fundi Rajabu kutoka mjini, akafungua kifuniko, akatazama, akasema hawezi kugusa injini ya mtu bila kauli ya mwenyewe. Akakupigia mbele yangu, simu ikiwa kwenye spika. Ulisema nini, kaka? "Achana na huyo dada yangu, anapenda kuhangaika. Gari halitembei, mkanda utachakaa kwa kulala?" Maneno yale yale uliyoyasema ukiwa mtoto juu ya ndoo, tofauti ni kwamba mtoto alikuwa anauliza. Fundi akafunga kifuniko, akaaga kwa aibu.

Sasa niseme ya siku yenyewe, maana umeyaruka. Ulikuja kwa ajili ya nikaha ya binti wa shangazi kule Mombo. Ukasema bibi harusi lazima aone gari la marehemu. Mama alikuwa ameshakaa kwenye kiti cha abiria, amevaa khanga zake mpya, furaha tele. Nilisimama mbele ya boneti nikakwambia, "Kaka, usishuke nalo. Mkanda una miaka tisa. Panda nalo Magamba ukitaka kutamba, lakini zile kona za Soni kwenda Mombo hapana." Ukacheka. Ukasema, "Zaina, toka mbele ya gari, tunachelewa." Nikatoka. Ningefanya nini, nijilaze chini?

Chini ya Soni, kwenye mteremko, injini ikanyamaza. Hayo aliyanieleza Mama, si wewe. Ulikanyaga breki, ikashika. Ukakanyaga tena, ikawa ngumu kama jiwe, maana injini iliyozima haiisaidii breki. Upande mmoja korongo na mto, mbele basi linapanda. Ukalibana gari kwenye ukingo wa mlima mpaka likasimama, na hilo nakusifu, ulifanya vizuri. Lakini Mama alitanguliza mkono, na mkono ukavunjika. Alipelekwa hospitali kwenye pikapu ya kabichi, ameshikilia mkono ndani ya khanga ile mpya. Mama yetu, kaka, aliyekupikia asubuhi hiyo.

Injini ilipofunguliwa, vali zilikuwa zimepinda na mkanda umekatika vipande viwili, nyufa zimejaa. Ulisimama pale pale ukaziona. Ukaondoka kimya kwenda Dodoma, na kimya kile nilidhani ni majuto. Kumbe ulikuwa unatunga sauti ya kututumia.

Chuma hakiniumi sana. Chuma kinatengenezwa. Kinachonichoma ni kwamba nilipewa kazi ya kulinda nikanyimwa kauli ya kuamua, kisha gari lilipoharibika nikapewa lawama zote. Nilijua, nikasema, nikasema tena, nikaonekana mwanamke mwenye kelele. Ningenyamaza, ungesema sikukuambia.

Jumapili iliyopita Baba Mdogo alikuja nyumbani, ametumwa nawe. Akaniambia nikuombe radhi yaishe, wewe ni mkubwa wangu. Nilikuwa nimeinamisha kichwa, karibu nikubali, maana tangu ajali Mama hakuwa amesema neno juu ya jambo hili na nilidhani amechagua upande. Akatoka jikoni, mkono kwenye bandeji ngumu, akasimama mlangoni. Akasema, "Shemeji, mimi nilikuwa ndani ya gari. Zaina alimwambia. Alimwambia mbele yangu na mimi nikamwambia Hamza twende. Asiombe radhi mtoto huyu." Baba Mdogo akainuka akaaga. Chai yake hakuimaliza.

Basi usihangaike kutuma watu. Sitaki zawadi, wala sitaki uniite pembeni unibembeleze kwa siri. Shika simu, tuma sauti nyingine humu humu, uwaambie hawa hawa waliokusikia kwamba Zaina alikuonya. Sentensi moja inatosha. Mama anaisubiri kuliko mimi. Kila simu ikilia ananiuliza kama ni Hamza.

Ni mimi mdogo wako, tumbo moja,
Zaina