Moraa, Usishtuke na King'ora

Mzee wako amekubali! Moraa, amekubali, king'ora kitasimama shambani kwako, pale juu ya kivuko, na aliyeyafanya hayo yote ni Chebet wangu. Wangu, si wa mtu mwingine. Wewe uliyekuwa unaniuliza, "Huyo Chebet wako atasoma mpaka meno yang'oke?" haya, uliza tena.

Habari za huko, rafiki yangu. Salamu zimechelewa, lakini habari kama hii haiwezi kungoja.

Ngoja nikueleze vizuri, maana uliondoka bila hata kujua kilichokupata. Siku ile jua liliwaka pande zote mbili za mto. Lori la majani ya chai lilikuwa limefika huku kwetu, linapiga honi, na wewe uko katikati ya mawe ya kivuko, kikapu mgongoni, unanipigia kelele, "Mama Chebet, mwambie karani asifunge mizani, mimi si mgeni wake!" Nikageuka kumwambia. Nikacheka hata. Nilipotazama tena, mawe hayakuwepo. Maji mekundu, yamejaa, yanapita na jua juu yake, na kwetu halikuwa limeanguka tone. Mvua ilikuwa imenyesha Kimulot, kule karibu na msitu. Sisi tuliangalia mbingu yetu wenyewe, vile tumezoea. Ikiwa safi juu ya paa lako, unavuka.

Kumbe kule juu kulikuwa na mtu wa kaunti ya Bomet wa kuangalia maji. Aliona mto umepanda, akapeleka habari ofisini kwao, ikakaa huko. Si unajua mto ndio mpaka: nyinyi Bomet, sisi Kericho, na kila kaunti ilisema kivuko ni cha mwenzake.

Chebet alipoandikwa kazi ya maji hapa Kericho, alianza na hilo. Ameenda Bomet mpaka walinzi wa geti wanamwita dada. Amewakalisha wakubwa wa kaunti mbili meza moja, wanaume wenye matumbo yao, na binti yangu ndiye amesimama mbele anawaonyesha ramani! Sketi ya siku hiyo nilimshonea mimi. Wakakubaliana: Kimulot wakiona maji, wapigie simu pande zote mbili papo hapo. Kericho inunue king'ora cha kuwaonya wanaovuka, Bomet itafute mahali. Na mahali palipoinuka, pa kusikika na wachumaji wote, ni kwako.

Mzee akakataa.

Alisema unarudi. Lori likishaondoka, anakusikia ukipanda kutoka mtoni, unasimama mlangoni. Alisema kile kitu kikilia hapo utaogopa, hutakuja tena. Watu walisema ni uzee. Lakini mimi najua nilichoona. Nilikuwa nimempelekea maziwa wakati wa kiangazi, vumbi mpaka kwenye michai, na kizingiti cha jiko lako kilikuwa na nyayo za maji. Miguu mitupu. Za kuingia tu, za kutoka hakuna. Niliyaacha maziwa nje nikasema nina haraka.

Chebet hakubishana naye. Alienda tu akakaa naye ukingoni mchana mmoja. Mimi siku hiyo nilikuwa nimechuma shambani kwako, maana mzee mgongo haumruhusu, na nilikuwa narudi ng'ambo na wenzangu tukiwa tumejaa kwenye mawe. Lori linapiga honi. Jua kali. Simu ya Chebet ikalia: Kimulot, maji yanashuka. Akaita, akapunga mikono. Nani atamsikiliza msichana chini ya mbingu safi? Mimi mwenyewe, mama yake, nilimpungia nikidhani ananisalimia.

Basi mzee akasimama. Akaita kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake:

"Moraa! Toka majini! Maji yanakuja!"

Vichwa vyote viligeuka. Hakuna aliyetaka kubaki mtoni pamoja na jina hilo. Watu walitoka wakikanyagana. Mimi nikabaki nyuma, kikapu kimenilemea. Na hili nakuambia wewe peke yako, hata Chebet hajui: kuna mkono ulinisukuma. Wa baridi, niliusikia mgongoni kupitia kikapu. Nyuma yangu hapakuwa na mtu. Nilipokanyaga nyasi, mto ukapita.

Ni wewe? Haki, kama ni wewe, asante. Unasukuma kama ulivyokuwa unasukuma kwenye foleni ya mizani.

Mzee alikaa chini. Akamwambia Chebet, "Mimi sitakuwepo kuita kila siku. Wekeni." Ila ametoa sharti: kabla hakijalia mara ya kwanza, aite yeye kwanza, ujue kile kitu hakikufukuzi. Wale wakubwa wametazamana, halafu wameandika kwenye ratiba ya uzinduzi. Upo hapo, Moraa, baada ya maombi na kabla ya hotuba za kaunti zote mbili.

Kwa hiyo usishtuke. Nitakuwa nimemshika mzee mkono. Wageni wakienda, nitakaa naye jikoni mpaka giza liingie, tusikilize. Ukija, nitakupisha njia na sitapiga kelele, najikaza kuanzia leo. Na usipokuja tena, nakuahidi hatakula peke yake. Chakula cha jioni nitampelekea mimi, na nitakaa mpaka amalize.

Kwaheri, rafiki yangu. Pumzika, kama huko mnapumzika. Binti yako Kemunto ameomba ruhusa shuleni Kiptere, wachumaji hawataingia shambani, na watu wa Kimulot watashuka kwa lori la kaunti. Pande zote mbili za mto zitajaa. Ni Alhamisi hii, asubuhi.